Si Pambo, Ni Hodi

Lugha ya Kisanskriti ilinikata mshahara kabla sijajua hata inaitwaje.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo ya kawaida tu, nikapata kibarua kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji karibu na Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, kule kwenye mahekalu ya Wahindu. Kazi yangu ilikuwa kupanga kurasa kwenye kompyuta: risiti, kalenda, na zaidi ya vyote kadi za harusi. Usiku nilikuwa naandika riwaya yangu kwenye kaunta buku. Riwaya hiyo bado haijaisha, msiniulize.

Siku moja ikaja kadi ya harusi ya Kihindu yenye majina mengi kuliko nafasi. Mababu, mabibi, wajomba, wote wamo. Juu kabisa, chini ya picha ya Ganesha, yule mungu mwenye kichwa cha tembo, palikuwa na kamstari kadogo ka herufi za Kigujarati. Nikajiambia, aa, hili pambo tu. Nikalifuta. Wajomba wakaenea vizuri. Kadi 300 zikachapwa, zikakatwa, zikafungwa. Mwenye harusi alipofungua boksi wala hakufoka. Alizirudisha juu ya kaunta, akasema kadi hizi hawezi kumpelekea mtu.

Bosi wangu, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa hapa hapa mjini, akaniita ofisini. Nilikuwa tayari kwa matusi.

"Kijana, nyumbani kwa mtu unaingiaje?"

"Napiga hodi, mzee."

"Basi ulichofuta si pambo. Ni hodi."

Akanieleza kwamba mstari ule ni wa kumwangukia Ganesha, mwondoa vikwazo, kabla jambo lolote halijaanza. Herufi ni za Kigujarati lakini maneno ni ya Kisanskriti. Nikakumbuka tenzi zetu za zamani zinavyofungua kwa Bismillahi, Kiarabu kitupu, ndipo Kiswahili kifuate. Kama ningefuta Bismillahi kwenye utenzi wa mtu nikidhani ni pambo! Aibu ilinishika. Halafu mzee akanikata laki moja.

Kumbe hata hiyo laki ni yao. Kwa Kisanskriti ni laksha, mia elfu, ikapitia midomo ya wafanyabiashara wa Kihindi mpaka ikaingia mifukoni mwetu. Sukari nayo imetoka huko, kwa njia ya Kiajemi na Kiarabu. Nikanogewa bwana, nikawa nakiona Kisanskriti kila mahali. Nikamtambia mzee kwamba hata simba wetu ni simha wao. Akafurahi kweli. Baada ya siku chache nikasoma kwamba simba ni neno la Kibantu tangu kale, kufanana ni bahati tu. Ikabidi nirudi kusema ukweli.

"Basi kila mtu abaki na simba wake," akasema, akaendelea na hesabu zake.

Nilimuuliza kama nyumbani kwake wanakiongea. Alicheka mpaka miwani ikashuka. Nyumbani Kigujarati, dukani Kiswahili, benki Kiingereza. Kisanskriti ni cha harusi na msiba. Sala ndefu za kuhani hazielewi neno kwa neno, lakini ole wake atakayezibadilisha. Kila Diwali hununua daftari jipya la hesabu na kuandika kwa mkono wake, ukurasa wa kwanza, shubha na labha: heri na faida. Hesabu zenyewe zimo kwenye kompyuta. Daftari linanunuliwa kwa ajili ya ukurasa ule mmoja.

Msidhani nasema ni lugha ya makaburini. Katiba ya India inaitaja katika lugha zake 22, na redio ya taifa ya huko ilianza kusoma habari kwa Kisanskriti mwaka 1974. Ila sensa ya 2011 ilipata watu 24,821 tu walioitaja kuwa lugha yao ya mama, katika nchi ya watu zaidi ya bilioni moja.

Kilichonikamata ni jina. Samskrita maana yake ni iliyoundwa vizuri, iliyosafishwa. Jamani, sisi si tunasema sanifu? Mwenzake ni prakrita, ya asili, ya kawaida, na ndiyo jina la lugha walizosema watu majumbani na sokoni. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita mtaalamu Panini aliifunga Kisanskriti kwa kanuni karibu 4,000. Kisanskriti kikabaki kilivyo. Lugha za mitaani zikaenda zikibadilika, na ndizo zilizozaa Kihindi na hicho Kigujarati cha mzee.

Sisi Kiswahili chetu kilisanifishwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930, kwa msingi wa Kiunguja. Mimi sanifu hiyo niliijulia kwenye wino mwekundu. Niliandika insha, kondakta wa daladala akasema, "Oya, sogea nyuma basi, we vipi?" Mwalimu akakata mstari mzima, akaandika pembeni: "Lugha ya vijiweni!" Tangu hapo nilikuwa na kinyongo.

Kwa hiyo nilipokwenda maktaba kusoma Shakuntala ya Kalidasa kwa tafsiri ya Kiingereza, nilikuwa natafuta ushahidi wa kesi yangu. Na niliupata! Ndani ya tafsiri wote wanazungumza Kiingereza kimoja, lakini utangulizi ulieleza kwamba katika mchezo wenyewe mfalme anasema Kisanskriti, na mvuvi anayekamatwa na pete ya mfalme anasema lugha ya mtaani, pamoja na askari wanaompiga. Mshairi mkubwa kama yule, na bado mvuvi kaachiwa mdomo wake. Nilitamani kumpelekea mwalimu.

Nikaendelea kusoma. Shakuntala mwenyewe, shujaa wa mchezo, hasemi Kisanskriti. Wanawake karibu wote hawasemi, hata wa ikulu. Lugha imegawiwa kama viti: huyu mbele, yule nyuma. Ukimsikia mtu unajua mara moja anapaswa kukaa wapi.

Usiku ule nilifungua kaunta buku langu sura ya tatu. Mimi msimulizi naongea sanifu tupu, nimenyooka kama mtangazaji. Dada wa kazi anachapia kila sentensi. Na yupo Mhindi mwenye duka, "veve nataka nini," nimemweka achekwe. Marafiki niliowasomea walicheka sana sehemu hiyo. Nami nafanya kazi kwa mzee ambaye Kiswahili chake kinanipita, na aliyenikaripia kwa sentensi ambayo nisingeitunga kwa mwezi mzima.

Nilikata maneno yake yote, ukurasa na nusu. Wino wangu ulikuwa mwekundu, kalamu ya kazini.

Mpaka leo huyo mwenye duka amesimama kaunta kimya, sura ya tatu, sijui atafungua mdomo na kusema nini. Dada wa kazi ndiyo kwanza nimemfikia.