Mkate wa Kumimina Pasipo Nazi

Wasomaji wetu wa pwani watuwie radhi. Tulipokuwa tukifundisha Kiswahili huko Gihundwe, wilayani Rusizi, tuliwapa wanafunzi insha juu ya futari ya Ramadhani. Msichana mmoja akaandika kwamba mkate wa kumimina hupikwa kwa maziwa ya ng'ombe. Tukapiga mstari mwekundu na kuandika kando: «tui la nazi». Tulidhani kamusi iko upande wetu.

Jioni moja mama yake akatualika kufuturu. Mchele ulikuwa wa Bugarama, umeroweshwa usiku kucha, ukasagwa kwa maziwa pamoja na iliki, sukari na hamira. Rojo liliachwa liumuke, kisha likamiminwa sufuriani, makaa chini na juu ya kifuniko. Minazi haioti katika vilima hivi vya Ziwa Kivu. Nazi hutoka mbali. Hata hivyo mkate ulitoka laini, na vitundu vyake vyote. (Tulikula vipande vitatu wala hatukuona haya.)

«Mwalimu,» akauliza mama, «na huu wetu unaitwaje?»

Tukajibu: mkate wa kumimina.

Kesho yake tuliliomba lile daftari. Wino mwekundu haufutiki. Tuliandika «sahihi» juu yake.