Copenhagen: Mji Uliopiga Hesabu ya Moshi Wake

Msafiri aingiaye Copenhagen kwa njia ya bahari hupokewa kwanza na vinu vya upepo. Vinu hivyo, 20 kwa idadi, vimesimamishwa ndani ya maji kwa mstari uliopinda kama upinde, penye kina kifupi paitwapo Middelgrunden. Vilipoanza kazi mwaka 2000, nusu yake ilikuwa mali ya ushirika wa wananchi zaidi ya 8,000, na nusu ya pili mali ya shirika la umeme.

Katika kisiwa cha Amager, si mbali na hapo, huonekana jengo kubwa lenye dohani ndefu. Hicho ni kiwanda cha Amager Bakke, kinachochoma takataka na kuzigeuza umeme na joto. Paa lake limefanywa mteremko, na tangu mwaka 2019 wenyeji hupanda huko kucheza mchezo wa kuteleza, maana Denmark ni nchi isiyo na milima. Vinu vile na dohani hii ndivyo vinavyoeleza habari ya mji uliojiwekea ahadi mbele ya ulimwengu.

Chanzo chake ni shida. Mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda ghafula, Denmark ilikuwa ikitegemea mafuta ya kigeni kwa karibu nishati yake yote. Serikali ikapiga marufuku kuendesha magari binafsi siku za Jumapili. Mwaka 1979 ikatungwa sheria ya kupanga namna ya kuzipatia nyumba joto. Katika vituo vya umeme vya kawaida, joto linalobaki baada ya kuzungusha mitambo hutupwa baharini au angani. Copenhagen hulitumia joto hilo kuchemshia maji, nayo hupitishwa kwa mabomba chini ya barabara hadi majumbani. Leo karibu asilimia 98 ya majengo ya mji hupata joto kwa njia hiyo. Mama wa nyumba hana haja ya kununua kuni wala mafuta ya kukabiliana na baridi. Hufungua bomba tu.

Mwezi Agosti 2012 Baraza la Mji lilipitisha mpango wa kuifanya Copenhagen kuwa mji mkuu wa kwanza duniani usioongeza hewa ya ukaa, ifikapo mwaka 2025. Wataalamu walikadiria kwamba, bila hatua mpya, mwaka huo mji ungekuwa bado unatoa karibu tani milioni 1.2 za hewa hiyo. Kisha wakagawa mzigo huo mafungu mafungu, kama mwenye duka afungavyo hesabu zake: asilimia 74 ipunguzwe katika uzalishaji wa umeme na joto, asilimia 11 katika usafiri, asilimia 7 katika matumizi ya nishati majumbani na maofisini, na iliyosalia katika shughuli za Baraza lenyewe na hatua nyinginezo.

Mgeni hustaajabia baiskeli zinazofurika barabarani asubuhi, akadhani ndizo zitakazouokoa mji. Hesabu ilionyesha kwamba kazi kubwa ilikuwa katika matanuri. Kwa hiyo vikajengwa vinu zaidi vya upepo, na mwaka 2020 kituo cha umeme cha Amager kikaacha makaa ya mawe na kutumia vipande vya miti. Katika daftari la mji, moshi wa miti huandikwa sifuri, kwa kuwa mti mwingine utaota na kuivuta tena hewa ile. Wapinzani husema kwamba mti huungua kwa dakika chache, bali huchukua miaka mingi kukua.

Hata hivyo, daftari lilibaki na deni moja. Takataka zina plastiki, nayo hutokana na mafuta. Ikichomwa hutoa hewa ya ukaa. Ikakusudiwa kufungwa mtambo katika dohani ya Amager Bakke, wa kunasa karibu tani nusu milioni kwa mwaka. Lakini mwaka 2022 mradi huo haukufaulu kupata fedha za Serikali, na mwezi Agosti mwaka huo viongozi wa mji wakatamka wazi kwamba lengo la 2025 halitafikiwa.

Liko pia jambo lisiloandikwa kabisa katika hesabu ile: nguo, simu na vyakula vinavyotengenezwa nchi nyingine kwa ajili ya wakazi, pamoja na safari zao za ndege. Moshi wa vitu hivyo huhesabiwa kwa wengine.

Mwezi Oktoba 2019 viongozi wa miji ya umoja wa C40, ambao Dar es Salaam ni mwanachama wake, walikutana Copenhagen. Miji yetu ya pwani haina haja ya joto la majumbani, wala daftari lake haliwezi kufanana na lile. Kwetu yatahesabiwa mkaa wa jikoni, mabasi na majalala. Ila kila mji utakaopiga hesabu hiyo utalazimika kuamua, kama Copenhagen, ni moshi upi wa kuandika na upi wa kuachia majirani.

Watelezaji wangali wakishuka juu ya paa la Amager Bakke, na dohani kando yao ingali inafuka.