Binti, Bibi na Namba 86,520,000

Alipofariki baba, Allah amrehemu, bidhaa za duka lake la Kariakoo ziliuzwa. Yakalipwa mazishi na madeni, zikabaki shilingi 86,520,000. Ami akashauri tukadirie tu: mimi, binti pekee, nipewe milioni kumi kamili. Nikaomba kwanza tuipime namba yenyewe.

Kwa mujibu wa Suratun-Nisaa, mama ana thumni na bibi, mama wa marehemu, ana sudusi (babu alishatangulia). Namba ndogo kabisa inayogawika kwa 8 na kwa 6 ni 24. Wakishatoka hao, husalia sehemu 17, nasi watoto ni mafungu matano: kaka wawili mawili-mawili, mimi moja. Ishirini na nne mara tano ni 120.

Je, fedha zile zinagawika kwa 120? Zinaishia na sufuri nne, basi 8 na 5 zinaingia. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 21, basi 3 nayo inaingia. Milioni mia moja, pamoja na uzuri wake wote, isingekubali. Haina tatu ndani yake.

Haikubaki hata senti: mama 10,815,000, bibi 14,420,000, kila kaka 24,514,000, mimi 12,257,000. Ami akaomba kalamu, akaikokotoa upya tangu mwanzo.