Kupiga Picha za Nchi Yetu

Sisi walimu tukaao upande wa Mpanda twaulizwa mara kwa mara na vijana jinsi ya kupiga picha njema za nchi: vilima, mbuga, mito na mashamba. Siku hizi simu yenye kamera imefika hata vijiji vya mbali, wala si lazima mtu awe fundi ili apige picha. Walakini picha nyingi tunazoonyeshwa ni za watu waliosimama mbele ya ukuta au gari. Zamani wapiga picha wengi wa mijini walitundika nyuma ya mtu kitambaa kilichochorwa majumba na bustani za nchi za mbali. Mtu alikiona kitambaa kile kuwa kizuri, na hali nje ya mlango vilikuwako vilima vya kweli. Basi yafaa tujifunze kuigeukia nchi tuliyopewa na kuitazama.

Jambo la kwanza ni mwanga. Mfaransa Nicéphore Niépce ndiye aliyefanya picha ya kamera iliyo ya kale kuliko zote zilizosalia, karibu na mwaka 1827. Alikielekeza chombo chake nje ya dirisha, akakiacha saa nyingi mpaka mwanga ukaandika mapaa ya nyumba. Sisi leo twapata picha kwa kufumba na kufumbua, lakini kazi ya kungoja haikuondoka. Yeye alingoja baada ya kufungua kamera. Sisi yatupasa kungoja kabla.

Huku kwetu jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi, nalo hufika juu kabisa karibu na saa saba mchana. Tangu saa nne hata saa kumi mwanga huanguka kutoka juu, vivuli huwa vifupi, kilima huonekana bapa kama sahani, na mbingu hugeuka nyeupe. Bali asubuhi mapema, na jioni tangu saa kumi na moja, mwanga huja kwa upande; kila kichuguu na kila mti hupata kivuli chake, na jicho hutambua kilicho karibu na kilicho mbali. Simama hivi kwamba jua liwe upande wa bega lako, la kushoto au la kulia.

Kama zilivyo saa njema, ndivyo ilivyo na miezi. Mwisho wa kiangazi moshi wa mioto ya porini na vumbi huifunika nchi, na vilima hufifia. Hata hivyo ndipo miyombo ichipuapo majani mekundu kabla ya mvua, na asiyetoka nyumbani siku zile hukosa rangi ambayo hataiona tena mpaka mwaka ujao. Mvua za kwanza zikiisha kunyesha, hewa huoshwa, na vilima vya Mlele huonekana kana kwamba vimesogea karibu.

Jambo la pili ni mpango wa picha. Katika mbuga ya Katisunga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyowekwa mwaka 1974, nchi ni tambarare sana. Mtu asipotia kitu cha karibu, picha yake huwa mistari miwili tu, majani na mbingu. Basi na atafute kichuguu, au shina la mti, au njia ya miguu. Kwa wenzetu wa Inyonga, mzinga wa nyuki uliotundikwa mtini wafaa sana. Mtu akionekana kwa mbali, ukubwa wa nchi hujulikana mara moja. Tena mpaka wa nchi na mbingu usiinamie upande, maana ziwa likiinama huonekana kama linamwagika.

Na kwa habari ya chombo chenyewe: futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kwa kuwa vumbi letu ni jingi. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vikiwa ubavuni, au jiegemeze mtini. Usiikuze picha kwa vidole. Nenda kwa miguu ukaribie. Lakini kwenye mto wenye viboko usikaribie ukingo, hasa jioni, wakati watokapo majini kwenda malishoni. Hakuna picha ipasayo roho ya mtu.

Jambo la tatu twaliona kuwa kubwa kuliko hayo yote: chagua mahali pamoja, upige picha pale pale mwaka baada ya mwaka. Nchi hubadilika, na kumbukumbu zetu ni dhaifu. Angalieni Karema. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Katika miaka ile ziwa Tanganyika lilikuwa likishuka, kwa kuwa maji yalikuwa yamefungua njia ya mto Lukuga upande wa magharibi. Lakini miaka ya baada ya 2020 maji yalipanda tena, yakaingia mashamba na nyumba za watu wa pwani ya ziwa.

Tena uangalieni mto Katuma. Wakati wa kiangazi hupungua ukawa madimbwi, na viboko husongamana ndani yake. Wakulima wa mpunga walioko juu ya mto huhitaji maji, na wanyama walioko chini huhitaji maji yale yale. Mzee husema, "Maji yalikuwa yakifika hapa." Kijana hubisha, wala hakuna wa kuamua. Picha zilizopigwa mahali pamoja, mwezi ule ule, kwa miaka kumi, zingewekwa mbele ya baraza la kijiji, na maneno mengi yangekoma.

Kwa sababu hiyo twawasihi vijana wasitie katika picha mbingu isiyokuwako, wala wasikoleze ukijani wa majani makavu, ijapokuwa simu zaweza kufanya hayo. Picha ya namna hiyo ni ushahidi wa uongo, nasi tumekatazwa ushahidi wa uongo. Kama mto umekauka, na uonekane umekauka.

Mwokozi wetu alipofundisha aliwaonyesha watu maua ya kondeni na ndege wa angani, vitu vilivyokuwa mbele ya macho yao. Nasi tuanze na vilivyo mbele yetu. Kila shule na kila kigango na kichague kilima kimoja au kivuko kimoja, kipigwe picha kila mwaka, na nyuma ya kila picha iandikwe siku, mwezi, mwaka na jina la mahali. Watoto wetu watatuuliza nchi ilikuwaje. Tuwe na cha kuwaonyesha.