Safari ya Pwani Iliyonifunza Kushauriana



Mwezi wa Agosti uliopita Mwenyezi Mungu, Subhanahu wa Taala, alitujaalia mimi na mama watoto kumzuru binti yetu aliyeolewa na kukaa Cardiff, mji mkuu wa Welisi, upande wa magharibi wa Uingereza. Tangu turudi wengi huniuliza, "Sheikh, umeona nini huko?" Hutazamia niwasimulie majumba na magari. Leo nitasimulia safari ya siku moja tu ya kwenda pwani, na zaidi namna tulivyoipanga, kwani ni katika kuipanga nilipofunzwa jambo nililopaswa kulijua zamani.

Cardiff si mji mgeni kwa Uislamu. Zama za makaa ya mawe, mabaharia wa Kiyemeni na Kisomali waliofanya kazi katika meli walishuka pale, wakaoa, wakazaa, wakakaa. Katika miaka ya 1930 Sheikh Abdullah Ali al-Hakimi kutoka Yemen alianzisha zawiya yake mjini humo. Kwa hivyo mgeni wa leo hapati taabu ya msikiti wala ya nyama halali. Taabu yake ni nyingine: kumpatia mkewe na binti zake mahali pa kupunga upepo pasipo macho ya watu, katika majira ambayo wenyeji, wakiliona jua, huvua nguo karibu zote.

Usiku mmoja baada ya Isha, binti yangu alisema, "Baba, kuna pwani moja huko Gower, yaitwa Mewslade. Imejificha baina ya majabali, na hakuna hoteli wala duka. Mama ataweza kutia miguu majini akiwa na buibui lake, na asiwe na wa kumtazama."

Gower ni rasi iliyo ng'ambo ya mji wa Swansea, na ndiyo mahali pa kwanza katika Uingereza kutangazwa, mwaka 1956, kuwa eneo lenye uzuri wa kimaumbile linalolindwa kwa sheria. Nilimtazama mama watoto. Alikuwa akikunja nguo za mjukuu wetu, na mikono yake ikasimama kidogo. Hakusema neno.

Mimi nikasema, "Niachieni. Mambo ya bahari mimi nayajua." Nilizaliwa Mombasa, na tangu utotoni nasikia wazee wakihesabu maji kwa mwezi. Nikatazama kalenda ya Hijria: Jumamosi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa mwezi nane, wakati wa maji mafu. Nikawaambia kuwa siku hiyo ndiyo salama, kwa kuwa maji mafu hayana mkondo wenye nguvu. Tungeondoka baada ya kifungua kinywa na kufika karibu na Adhuhuri. Nilitaja siku, saa na chakula, wote wakaitikia, nikaona nimemaliza kazi.

Kesho yake asubuhi binti yangu alikuja na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Alizungumza kwa adabu, kama mwanafunzi anayemsahihisha mwalimu wake. "Baba, umesema kweli kuhusu mkondo. Lakini Jumamosi maji yatajaa saa saba mchana, na Mewslade maji yakijaa mchanga karibu wote hufunikwa. Tutafika tuyakute mawimbi yakipiga majabali."

Nilijaribu kubisha. Kwetu maji yakijaa, ufuo haupotei wote. Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mlangobahari wa Bristol, ulioko baina ya Welisi na kusini mwa Uingereza, una umbo la faneli. Maji ya bahari kuu yakiingia hubanwa, na yakibanwa hupanda. Wakati wa bamvua Mombasa, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa ni kama mita tatu na nusu. Swansea hupita mita nane, na juu zaidi katika mlangobahari huo hupita mita 12. Saa nazo ni tofauti. Kwetu siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kule hupwa saa saba hadi saa nane mchana. Mwezi ni ule ule mmoja, lakini kila bahari ina saa zake.

"Basi siku inayofaa ni ipi?" nikauliza.

"Jumapili ya wiki ijayo, mwezi kumi na sita. Maji yatapwa sana, na ufuo utakuwa mpana hadi kuungana na wa ghuba ya pili. Hata wakija watu, kila jamaa atapata pembe yake."

Sasa hapo pakawa na uzito. Jumapili hiyo nilikuwa nimekubali kusomesha darsa msikitini, na tangazo lilikwisha kubandikwa. Nikasema, "Basi pwani tuiache. Tutakwenda bustanini hapa mjini, panatosha."

Pakawa kimya. Kisha mama watoto akasema, taratibu, bila lawama, "Hivyo ndivyo ulivyoniambia mwaka ule, Sheikh."

"Mwaka gani?"

Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Miaka ishirini iliyopita, jioni ya Idd, watoto wakiwa wadogo, aliniomba niwapeleke pwani. Mke wangu alilelewa kisiwani, akiokota kombe pamoja na mama yake na shangazi zake maji yakipwa, na alitaka watoto wake wayaone maji kama alivyoyaona yeye. Nikamjibu mbele ya wageni, "Pwani si mahali pa mke wa sheikh." Wageni wakacheka. Yeye akaingia jikoni. Tangu siku hiyo hakuniomba tena, nami kwa miaka ishirini nikakidhani kimya chake kuwa ni kuridhika.

Ndugu yangu msomaji, nimesomesha vijana wengi juu ya kumcha Mungu katika kuamiliana na wake zao. Siku ile nilikaa juu ya kiti cha binti yangu nikiwa sina la kusema. Sikatai kwamba pwani za umma siku za Idd zina machafu yake. Lakini nilichokifanya ni kumfungia mlango kisha nikaondoka. Sikumtafutia mwingine. Kukataza ni neno moja tu, hulimaliza mtu kwa pumzi moja. Kumtafutia mtu wako njia ya halali iliyo badala ya ile uliyomkataza kunataka muda, kuuliza na pengine kuacha la kwako. Na Mtume wetu, Swalla Llahu alayhi wasallam, alishindana mbio na Bi Aisha, Radhiya Llahu anha, katika safari. Hakuona kuwa furaha ya mke humpunguzia heshima.

Nikampigia simu imamu wa msikiti nikamwomba darsa isogezwe mbele wiki moja. Hakuuliza sababu. Kisha tukakaa upya, sote, kupanga.

Safari hii mimi nilipewa kazi ninazozijua. Masafa kutoka Cardiff hadi Mewslade yanakaribia kilomita 95, nayo kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi yanapita marhala mbili. Kwa hivyo tungepunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri hapo hapo ufuoni. Kibla kutoka Welisi ni kusini-mashariki. Mtu akiielekea bahari ya Mewslade, huwa upande wake wa kushoto. Na kuhusu udhu, nilimkumbusha mkwe wangu kuwa maji ya bahari ni tohara, basi asijitwishe madumu ya maji.

Binti yangu alishika mambo ya usalama. Gari huegeshwa kijijini Pitton, katika konde la mkulima, kwa ada ndogo. Kutoka hapo ni kushuka kwa miguu bondeni kama dakika ishirini, na mwisho wa njia ni mawe yanayoteleza; viatu vya wazi havifai. Choo hakuna. Walinzi wa waogaji pia hakuna, kwa hivyo hakuna atakayeingia maji kupita magoti, na ikitokea dharura mtu hupiga 999 akaomba walinzi wa pwani. Tungefika saa tano, maji yakiwa yanapwa, na saa kumi tungekuwa tumekwisha kupanda, kabla maji hayajarudi kutuzingira.

Mama watoto alishika chakula: mahamri, sambusa, mkate wa mayai na chai ya tangawizi katika chupa. Na ndiye aliyetukumbusha nguo kavu, kwani bahari ya huko hata Agosti joto lake ni kama digrii 17, na mtoto akitoka majini hutetemeka.

Siku ikafika. Njiani, katika barabara nyembamba za Gower, mjukuu wangu akasoma maandishi makubwa yaliyopakwa rangi juu ya lami: ARAF. "Babu, Suratul Aaraf!" Tukacheka sote. Kumbe ni Kiwelisi, maana yake ni "polepole". Nikamwambia neno hilo limeandikwa kwa ajili ya babu yake.

Tulifika kama tulivyopanga. Majabali ya kijivu yalikuwa yamesimama pande zote kama kuta za ua, na mchanga ulikuwa mpana, umelowa, unang'aa. Jamaa wengine wawili au watatu walikuwa mbali. Mama watoto alivua viatu, akashika buibui lake kwa mkono mmoja na mjukuu kwa mkono wa pili, akaingia. Maji yalipomgusa alipiga ukelele, kisha akacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu ujana wetu. Baadaye alirudi na kombe tatu kiganjani, akanionyesha mimi kwanza.

Nikamwomba radhi pale, kabla hatujaswali. Akaniambia, "Nilikwisha kukusamehe zamani, lakini nilitaka kuja."

Waume wenzangu, nawausia na kuiusia nafsi yangu kabla yenu: ulizeni. Kabla hujaupanga mwezi, siku na saa, muulize mwenye haja ni nini haja yake, na umsikilize anayejua usilolijua, ingawa ni mwanao uliyemfunza alifu na be. Nanyi dada zangu, msiliache ombi la halali likafa kwa jibu moja la haraka. Wenye ndevu pia husahau.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye mashauriano na huruma, na awasamehe waliovunja nyoyo bila kujua. Amin.

Wabillahi tawfiq.