Kutoka kibanda umiza hadi Momela

Tulikwenda Momela kwa sababu ya mkono uliovunjika. Mwenye mkono ni mwanetu wa miaka 7, na aliyemsukuma kutoka juu ya ukuta wa uani ni kaka yake wa miaka 11. Hawakuwa wamegombana. Walikuwa wakicheza sinema. Tulipomkalisha mkubwa na kumuuliza alikuwa na nia gani, alitujibu bila jeuri wala hofu: "Nilidhani atabingirika, halafu atainuka."

Jibu hilo lilitunyima usingizi kuliko mfupa wenyewe, ambao alhamdulillah umekwisha kuunga. Kwa kuulizauliza tukagundua kwamba kwa muda wa wiki mbili watoto hawa walikuwa wakitoka nyumbani na juzuu zao kwapani, wakielekea madrasa, kisha wakipinda njia na kuingia katika kibanda umiza cha mtaa wa pili, hapa hapa Ngarenaro, ambako kwa sarafu chache mtu huonyeshwa filamu za Kihindi zilizosimuliwa kwa Kiswahili. Ustadhi alidhani wanaumwa. Sisi tulidhani wanasoma. Lawama ni yetu kwanza, nasi tunaitaja mapema ili msomaji asije akadhani tumekuja kuwanyooshea majirani kidole.

Fimbo ilikuwa karibu, na tulikwisha kuishika. Aliyetuzuia ni bibi yao, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Arusha na ndoa. Alisema, "Mtoto huyu hajui uzito wa kitu. Mpelekeni akaone kitu kizito." Hivyo Jumamosi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, tukafunga vitumbua na chai ya chupa, tukapakia madumu ya maji, tukashika barabara ya Moshi.

Njia ya Momela huiacha barabara kuu pale Usa River, ikapanda upande wa kushoto kati ya migomba na mashamba, hadi lango la Ngurdoto la Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ukishapita langoni, hufiki mbali kabla hujakutana na uwanda wa majani unaoitwa Serengeti Ndogo. Asubuhi ile kulikuwa na nyati, pundamilia na ngiri, wote wakila kimya kama wageni wa karamu moja wasiojuana. Mwanetu mkubwa aliuliza simba wako wapi. Tulimwambia kwamba katika hifadhi hii hakuna simba. Akanuna kidogo, kwa sababu katika kichwa chake pori lisilo na simba ni ahadi iliyovunjwa.

Baadaye njia inaingia kwenye vilima vya maziwa. Maziwa ya Momela ni saba, mengi yakilishwa na maji ya chini ya ardhi, na kila moja lina rangi yake kutokana na mwani ulio ndani yake: moja la kijani, jingine linaelekea buluu, jingine kama shaba iliyofifia. Maji ni ya magadi; wanyama hawayanywi. Heroe walisimama kwa mguu mmoja mbali kidogo, mstari wa waridi juu ya maji. Upande wa magharibi ulikaa Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ukiwa umepasuka ubavu. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki uliporomoka, tope na mawe yakatapakaa hadi huku chini, na mashimo yaliyobaki kati ya vifusi ndiyo haya yaliyojaa maji. Uzuri wote tuliokuja kuutazama ni jeraha la mlima.

Hapa Momela ndipo sinema ilipofika kabla yetu. Muongozaji wa Marekani Howard Hawks alikuja na kundi lake, akiwemo John Wayne na Mjerumani Hardy Krüger, wakapiga picha filamu iliyotoka mwaka 1962 kwa jina la Kiswahili, Hatari! Kisa chake ni cha watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Krüger aliipenda nchi hii hata akanunua shamba hapo na kuishi kwa miaka kadhaa. Leo mahali hapo pana nyumba ya wageni yenye jina la filamu hiyo. Jambo tulilolikumbuka tukiwa juu ya kilima ni hili: mwanzoni kabisa mwa filamu, kifaru anamchoma pembe ya mguu mmoja wa wakamataji, na wenzake wanalazimika kumkimbiza hospitali mjini Arusha. Damu inatafutwa. Watu wazima wenye vifua vipana wanakaa wakisubiri, hawana la kufanya. Tena vifaru wale hawakuchorwa na kompyuta. Waigizaji wenyewe walikuwa juu ya magari, wakikimbizana na mnyama asiyejua kuwa yumo katika filamu.

Hatuisifu filamu hiyo kwa kila kitu. Wenyeji wamo humo kama wasaidizi, na nchi imefanywa ukumbi wa starehe ya wengine. Mwendo mfupi kutoka yalipopita magari yale ya filamu ni Ngarenanyuki, ambako mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 na kuzichoma nyumba zao, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akaueleza Umoja wa Mataifa kilichowapata watu wake. Kijana anayevuka bahari kwenda kudai ardhi kwa maneno matupu: hicho nacho ni kisa cha sinema, na hakina nafasi katika Hatari! Hata hivyo, ndani ya mipaka yake, filamu ile iliheshimu jambo moja, kwamba mwili wa mtu ukigongwa unaumia.

Sasa tuje kwenye filamu walizokuwa wakizitazama watoto wetu. Sisi huziita zote za Kihindi, lakini nyingi zinazotawala vibanda siku hizi hazikutengenezwa kwa Kihindi. Ni za kusini mwa India, za Kitelugu, Kitamili, Kikannada na Kimalayalam, na mara nyingi hutiwa sauti za Kihindi kabla ya msimuliaji wa kwetu kuziwekea Kiswahili juu yake. Baahubali ya mwaka 2015 ndiyo iliyofungua mlango wa filamu za aina hii kwenda kila pembe ya dunia. Zikafuata KGF mwaka 2018, Pushpa mwaka 2021 na RRR mwaka 2022. Hazikufanywa na wavivu. RRR ilipata tuzo ya Oscar kwa wimbo wake, na anayebisha kwamba S. S. Rajamouli anajua kazi yake atakuwa anajidanganya.

Lakini tazama kilichomo. Katika RRR lori linafunguliwa uani kwa gavana na kutoka humo wanaruka chui milia na wanyama wengine wa mwitu, wote wa kompyuta, na shujaa anaruka pamoja nao. Katika KGF ya pili kituo cha polisi kinasagwa kwa bunduki moja kubwa. Shujaa wa Pushpa ni msafirisha magendo wa miti ya msandali mwekundu, na aliyemwigiza alipewa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora. Maadui huruka hewani kama mapovu. Hakuna anayewazika. Watoto wetu wana msemo wao kwamba "steringi hafi", nao ni msemo wa zamani. Jipya ni kwamba steringi siku hizi hata haumii.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1965 Ramu Kariat alitengeneza Chemmeen, kisa cha wavuvi wa pwani ya Kerala, cha binti wa mvuvi na mfanyabiashara Muislamu wanaopendana pasipo njia ya kuoana. Ilikuwa filamu ya kwanza kutoka kusini kupewa medali ya dhahabu ya Rais wa India. Mtu wa pwani yetu akiitazama ataijua bahari ile, madeni yale na masengenyo yale. Bibi yao hakupata kuiona. Yeye alilelewa na filamu za Bombay, katika maonyesho ya wanawake watupu Unguja. Njiani alituhadithia tena Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, ambamo mama anampiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa sababu amemteka binti wa watu. "Tulitoka pale tumelowa buibui kwa machozi," alisema. "Risasi moja tu, mwanangu. Moja." Tukajiuliza ni risasi ngapi ambazo mjukuu wake amezihesabu katika wiki mbili zile, na ni ipi iliyomtoa chozi.

Hapa tuna neno letu wenyewe kuhusu vibanda, na huenda wengine wasikubaliane nasi. Tunadhani kushuka kwa filamu hizi kunakotuudhi kumefanyika mara mbili: huko zinakotengenezwa, na hapa zinapochaguliwa. Msimuliaji wa Kiswahili ni fundi. Tangu enzi za Lufufu tumeufurahia utani wake na namna anavyowapa Wahindi majina ya mitaani kwetu. Lakini kazi yake inahitaji kelele. Filamu ya ukimya, ya mama anayekaa akimngojea mwanawe, haimpi pa kutia maneno, basi haichukui. Ndiyo maana kusini mwa India bado kunatoka filamu zenye utu, nasi hatuzioni. Mwaka 2024 ilitoka Aadujeevitham ya Blessy, juu ya Muislamu wa Kerala anayekwenda Saudia kutafuta riziki na kujikuta amefanywa mtumwa wa kuchunga mbuzi jangwani. Nani katika mitaa yetu hana ndugu aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi? Filamu hiyo ilipaswa kujaza kila kibanda. Hatujaiona hata kimoja.

Mwaka huo huo, usiku wa tarehe 4 Desemba, watu walisongamana kwenye jumba la sinema mjini Hyderabad kuiona Pushpa ya pili. Mama mmoja aliyekwenda na familia yake alikufa katika msongamano ule, na mwanawe akaumia vibaya. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Tulisali adhuhuri mahali panaporuhusiwa kushuka garini, kwa udhu wa maji ya madumu. Baada ya sala, tukiwa tunakusanya mikeka, madume mawili ya twiga yalijitokeza kwenye uwazi ulio mbele yetu. Yalisimama ubavu kwa ubavu kama watu wanaopiga stori, kisha moja likarudisha shingo nyuma na kuipiga kwenye mbavu za mwenziwe. Mlio wake ulitufikia. Haukufanana na milio ya kibandani. Ulikuwa mfupi, mzito, kama gunia la mahindi lililoangushwa sakafuni. Aliyepigwa aliyumba, miguu yake ikatafuta ardhi. Wakakaa muda mrefu bila kufanya lolote. Kisha pigo jingine. Mwanetu mkubwa alikuwa amesimama na mkeka mkononi, haukunji. Alimtazama mdogo wake, akautazama mkono wake, wala hakusema neno. Nasi tulinyamaza.

Badala ya kurudi tulikojia, tulitokea lango la Momela hadi Ngarenanyuki kutafuta chai. Jina lenyewe kwa Kimasai ni maji mekundu. Karibu na mgahawa kulikuwa na kibanda cha mabati, na sauti ya msimuliaji ilisikika hadi barabarani. Mkubwa aliitambua filamu kabla hatujakaa. Tulitazamana, kisha tukaingia naye, tukalipa, tukakaa kwenye benchi la nyuma kwa kama robo saa. Steringi alikuwa sokoni peke yake, amezungukwa. Mtoto alianza kuhesabu kwa vidole, akaendelea kwa sauti ya chini: kumi, kumi na tano, ishirini na tatu. Kisha akatunong'oneza, "Hakuna hata mmoja aliyepelekwa hospitali."

Adhabu yake hatukuifuta. Kwa miezi mitatu anampeleka mdogo wake madrasa na kumbebea juzuu, na ustadhi anatia saini daftari. Kibanda hatukukipiga marufuku kwa maneno, maana marufuku ya awali ndiyo iliyomfundisha kuficha. Tumepanga usiku wa Ijumaa, baada ya isha, kutazama sinema nyumbani sote pamoja. Ya kwanza tuliyoichagua ni Sudani from Nigeria ya Zakariya Mohammed, ya mwaka 2018, kutoka Malappuram, wilaya yenye Waislamu wengi huko Kerala. Ni kisa cha mchezaji wa kandanda Mnaijeria ambaye wenyeji wanamwita Msudani bila kujali anakotoka. Anaumia, hawezi tena kucheza, analazwa nyumbani kwa meneja wa timu yake, na wanaomuuguza ni mama wa meneja na jirani yake, vikongwe wawili. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, hivyo binti yetu wa kidato cha tatu ndiye atakayekuwa msimuliaji.

Tulipomweleza bibi yao, aliuliza kama huyo mama anajua lugha ya mgonjwa wake.

"Hajui, Bibi."

"Na mgonjwa hajui yake?"

"Hajui."

Akavuta kiti chake karibu na runinga, ingawa siku yenyewe ilikuwa Jumapili bado.