Kasuku Wadogo Wawili

Kwetu Ituri wengi tunasema "kasuku kidogo" tu, tukidhani ni ndege mmoja. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka nikaua wawili.

Wa kwanza ni ndege wa mbuga, upande wa Bunia. Uso wake na mdomo wake ni wekundu. Wataalamu wanamwita Agapornis pullarius. Linnaeus alimwandika mwaka 1758. Chakula chake ni mbegu za majani, na akiona shamba la ulezi hapiti bure. Ajabu yake ni nyumba: jike anachimba njia ndani ya kichuguu ambacho mchwa wamekijenga juu ya mti, anataga humo, na wenye nyumba wangalimo. Kodi halipi!

Wa pili ni wa pori kubwa, upande wa Mambasa. Huyu ni Agapornis swindernianus. Kichwa chake ni kijani kitupu, mdomo ni mweusi, na nyuma ya shingo ana mstari mweusi kama kola. Wote wawili wana buluu mgongoni karibu na mkia, basi wakiruka juu unadanganyika upesi.

Nilikuwa kijana nilipokwenda kumtembelea mjomba wangu karibu na Mambasa. Mwindaji mmoja akanipa wawili wenye kola. Nilifurahi mno. Nikapanda kamio pamoja nao, tukapita Komanda mpaka Bunia. Nyumbani nikawapa ulezi safi na maji, kama nilivyomlisha yule mwekundu niliyemfuga. Hawakugusa. Nikabadilisha, nikawapa mtama, nikawapa mchele. Wapi! Siku ya tatu asubuhi niliwakuta chini ya tundu, miguu juu.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Hutsebaut, mmisionari Mbelgiji aliyekaa Kongo. Naye alijaribu kuwafuga ndege hao, akaona kwamba wakikosa matunda ya mikuyu ya porini wanakufa kwa siku chache tu. Kumbe! Yule mwindaji aliwatega juu ya mkuyu, nyuma ya nyumba ya mjomba. Niliwaona kwa macho yangu wakila. Sikuuliza kitu.

Mkuyu ule ungali umesimama. Nikifika kwa mjomba ninaketi chini yake asubuhi. Wao hawashuki, wanakaa juu kabisa, fasi nisipoweza kuwaona vizuri, na maganda ya matunda yananiangukia kichwani.